Wagonjwa wa Basi la Jioni

Ofisi ya Mradi,
Bungoma.
14 Septemba 1997

Kwako Dada Magdaline,

Naanza na Mama kwa sababu najua ndiye utakayemtafuta kwanza kwenye karatasi hii. Mama yuko sawa. Goti bado linamsumbua asubuhi, lakini jioni anafika mpaka kwa jirani kusengenya, na anayeweza kwenda kusengenya si mgonjwa. Ng'ombe mwekundu amezaa. Mahindi yamejaa ghalani, hatulalamiki. Anakusalimu, anamsalimu mjukuu wake Joan, na anauliza kama baba Joan ameandika kutoka Mombasa. Nilimwahidi nitauliza, basi nimeuliza.

Barua zako namsomea kila Jumamosi ninaporudi kijijini. Anakaa wima kama yuko kanisani. Nikiruka hata mstari mmoja anajua, ananiambia nirudi nyuma.

Uliniuliza mtu anafanya nini mbele ya kompyuta kutwa nzima. Nitajaribu kueleza. Hospitali na zahanati za sehemu nyingi hutuletea idadi ya wagonjwa wao: wa malaria, wa kuhara, wa kifua. Watu wa hali ya hewa hutuletea habari za mvua na joto. Mimi nayaingiza yote, kisha natafuta yanavyofuatana. Mvua ikizidi mahali fulani, wodi hujaa baadaye, na ukirudi nyuma miaka mingi unaona hazijai ovyo, zinajaa kwa mpango. Tukiujua huo mpango, dawa inaweza kutangulia ugonjwa. Mwishoni kompyuta inachora ramani. Palipo na wagonjwa wengi panakuwa pekundu, pasipo na kitu panabaki peupe. Daktari Kageha, mkuu wetu, anasema dunia inazidi kupata joto na magonjwa yatahama makwao, kwa hivyo lazima tujifunze kuyaona yakiwa njiani.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Kuna bahari ya mbali, upande wa Amerika, imepata joto lisilo la kawaida, na wajuzi wanasema mvua yetu ya mwisho wa mwaka itakuwa kubwa mno. Wanaiita El Nino. Nilimuuliza Mama kuhusu mvua ya mwaka wa sitini na moja. Alisema mwaka ule watoto walizikwa mpaka watu wakachoka kuimba. Dada, mimi si mwoga, unanijua. Lakini tangu anijibu hivyo silali vizuri. Chimba mtaro kuzunguka nyumba yako, na umwambie mwenye ploti afanyie choo kitu kabla mvua haijaanza.

Ndimi mdogo wako,
Ambrose Nyongesa


Laini Saba, Kibera.
5 Oktoba 1997

Kwa mwana wa mama, Ambrose,

Mimi na Joan ni wazima kabisa, hofu ni kwenu mlio mbali. Na habari ninayo. Dada yetu Valentine amejifungua msichana kule Kawangware, mtaa wa 46. Mama na mtoto wako salama, na Musyoka mumewe anatembea kifua mbele utadhani ndiye aliyepata uchungu. Mtoto amepewa jina la Mama. Mwambie Mama habari hizi akiwa ameketi, asije akaruka na hilo goti.

Barua yako imekawia mikononi mwa Mungu. Sanduku letu ni la kanisa na katekista hulifungua Jumapili tu baada ya misa, kwa hivyo ukiniandikia jambo la haraka Jumatatu, jua limelala humo likiomba rozari wiki nzima.

Baba Joan hajaandika. Umeuliza, nimejibu, tuendelee.

Nimesoma mambo ya kompyuta yako mara mbili. Dalili ya mvua ni mawingu, hilo hata nyanya yetu alilijua na hakuwa na umeme. Lakini usikasirike, nakutania. Nilimsomea Lusweti, yule jirani yangu seremala, aliyekukaribisha kitanda chake ile Pasaka uliyokuja. Tunatenganishwa na ukuta wa mabati, kwa hivyo sikuhitaji hata kutoka nje, nilisoma tu kwa sauti naye akasikiza upande wa pili. Alifurahi sana kwamba mtoto wa kwetu anazungumza na mashine. Akasema ukiona mvua itaanza lini umwambie, ana mbao zimelala nje.

Bado nafua nguo mtaa wa Ayany kwa Mama Obonyo. Ni mtu wa utu. Ananiruhusu nijaze mtungi kwenye mfereji wake wa bomba kila nikitoka, na hayo ndiyo maji ninayokunywa na Joan, maana ya hapa kwetu mipira inapita ndani ya mtaro wa maji machafu na mingine imepasuka. Mtaro nitachimba. Mwenye ploti tulimwambia habari ya choo, akacheka.

Krismasi tunakuja, mimi na Joan. Ameanza kukunja nguo zake na bado ni Oktoba. Anataka kumwona ndama.

Dada yako,
Magdaline Nasipwondi


Bungoma.
16 Novemba 1997

Dada Magdaline,

Mama ni mzima na anambeba mtoto wa Valentine kwa maneno kila siku. Barua hii usimtajie ukimwandikia, maana hajui kama nimeiandika.

Mvua haikatiki. Barabara ya kwenda kijijini imekuwa mto na mto umekuwa ziwa. Lakini si mvua inayonitisha. Wodi hapa zimejaa, wagonjwa wawili kitanda kimoja na wengine chini kwenye mikeka. Wanatapika na kuhara mpaka macho yanazama ndani. Mtu anaingia asubuhi akitembea, jioni humtambui. Jina la ugonjwa siwezi kuliandika. Daktari Kageha ametukataza tusilitamke nje mpaka wakubwa Nairobi watangaze, na mimi kibarua changu nakihitaji.

Nimeitazama ramani mpaka macho yameuma. Upande wetu wote ni mwekundu. Bungoma, Busia, mpaka ziwani, pekundu tupu. Nairobi ni peupe kama shuka. Nilidhani nimekosea, nikaingiza upya kila kitu, ikatoka vilevile. Hata nikaitoa barua yako ya Oktoba nikaisoma tena pale uliposema ni wazima kabisa, nikamshukuru Mungu.

Kwa hivyo dada, usije. Najua Joan amekunja nguo. Mkunjulie. Kaeni hapo hapo Kibera, Krismasi ije iwakute hapo, na umwambie Valentine pia asithubutu kumleta mtoto mchanga huku. Mama nimemdanganya kwamba ni barabara tu. Alilia kidogo, lakini afadhali alie kwa hilo.

Naogopa, dada. Nikifunga macho naona ule wekundu ukisogea. Jambo moja tu linanituliza, kwamba ninyi mko mahali peupe.

Ambrose


Laini Saba.
30 Novemba 1997

Mpendwa Ambrose, na Mama unayesikiza,

Hatujambo sote, mimi, Joan, Valentine na mtoto wake. Hakuna anayekohoa wala kuumwa kichwa. Mama, pole kwa Krismasi. Barabara zimeharibika, tutakuja Pasaka Mungu akipenda, na Joan atakuwa amemaliza kujifunza ule wimbo.

Ambrose, nimefanya ulivyosema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ingawa wewe ndiwe mdogo, siku hizi mkuu ni mwenye kompyuta. Alhamisi nilivuka matope mpaka Kawangware 46 kumwambia Valentine. Nilimkuta anapanga nepi kwenye mfuko tayari kwa safari. Alinuna. Musyoka naye akasema kama ramani imesema basi imesema, yeye ni fundi wa nyumba na hajawahi kubishana na ramani. Nepi zikarudi kwenye kamba. Hata akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa nimewaambia wasipeleke watoto nyumbani mwaka huu, na wengine wamenisikia kwa sababu wanajua ndugu yangu ni msomi.

Lakini watu wana vichwa vigumu. Wengi wa upande huu wa reli wamesafiri, tena ghafla, hata Krismasi haijafika. Ploti yetu imekuwa kimya. Lusweti naye ameenda jana kwa basi la jioni, kuna mambo ya shamba yamemwita. Vijana wawili walimsindikiza mpaka stendi wakimshika mikono, maana njia inateleza. Kwa hivyo ukuta wangu haunijibu tena.

Mvua imeingia ndani mara tatu, nimeinua kitanda kwa mawe. Choo cha kule juu kimefurika na kinashuka na mtaro, tunaruka tu. Mama Obonyo amefunga nyumba, wamekwenda kwao Siaya mpaka Januari, na geti la Ayany lina kufuli. Kwa hivyo sasa maji nanunua hapa hapa kama watu wengine. Nayachemsha makaa yakipatikana. Makaa yamelowa mji mzima.

Mama, usihangaike. Sisi ni wazima.

Magdaline


Bungoma.
9 Desemba 1997

Dada,

Sitauliza hali, na Mama hatasikia barua hii. Isome ukiwa umesimama, kisha uondoke.

Leo asubuhi nilimpelekea karani wa hospitali disketi zake, nikapita katikati ya wodi ya wanaume. Mtu akanishika suruali. Sikumjua. Alikuwa ngozi na mifupa, midomo imepasuka. Akaniambia, "Wewe si ndugu ya Magi? Si ulilala kwangu ile Pasaka?"

Alikuwa Lusweti. Nikamwambia pole, nikamuuliza ugonjwa umempata siku gani tangu afike shambani. Akanitazama kama mjinga.

"Shamba gani? Mimi nilitolewa Kibera nikiwa hivi," akasema. "Yule pale alitoka Laini Saba. Huyu, Kawangware. Hii wodi ni sisi tu, watu wa basi. Kwani Magi hakukuambia? Upande wote wa mtaro tulikuwa tunaendesha tumbo."

Dada, nilikaa chini kwenye sakafu ile ile. Fomu zetu zina swali moja kuhusu mahali: kwao ni wapi. Na ni Mbukusu gani, mtu wa kabila letu, akiwa amelala hoi, atajibu kwao ni Kibera? Wote walijibu Bungoma, na kweli walikuwa wamelala Bungoma, nami nikapaka Bungoma rangi. Nairobi ilikuwa peupe kwa sababu wagonjwa wake hawakungoja kuonwa huko. Mtu akizidiwa anachangiwa nauli, anawekwa kwenye basi la jioni akaugulie kwao. Nimekulia desturi hiyo. Nilimwona baba mdogo akirudishwa vivyo hivyo. Na sikuifikiria hata mara moja nilipokuwa naichora ile ramani.

Ugonjwa ni kipindupindu. Naliandika jina na wanifukuze. Uko hapo ulipo. Chukua Joan uende kwa Valentine leo, lakini hata kule msinywe maji ambayo hayajachemka mpaka yakatokota. Nawa mikono, mnawishe Joan. Mtu akianza kuhara msimpandishe basi. Mpeni maji yaliyochemshwa yenye sukari na chumvi kidogo, anywe bila kukoma, na mumkimbize hospitali iliyo karibu. Anayekufa anakufa kwa kukauka, na njia ya kuja huku ni ndefu.

Nimejaribu simu ya kanisa, waya zimeanguka. Leo ni Jumanne. Najua sanduku lenu hufunguliwa Jumapili. Namwomba Mungu katekista alifungue mapema.

Ambrose


Laini Saba.
11 Desemba 1997

Ambrose,

Usimsomee Mama.

Joan alianza tumbo jana jioni. Nilidhani ni maembe. Leo ni maji tu, meupe kama ya kuosha mchele, na ameacha kulia, ndicho kinachonitisha, ameacha kulia kabisa. Nikimfinya ngozi hairudi. Nimempeleka zahanati, foleni inazunguka jengo na walio mbele yangu wanalala chini. Nesi ametoka mara moja akasema dawa imekwisha tungoje.

Siwezi kungoja. Nampeleka nyumbani kwa basi la jioni. Najua ulinikataza, najua mambo ya ramani, lakini huko kwenu kuna Mama na kuna wewe, hapa niko mimi na mabati. Jirani zangu wote walifanya hivyo. Nilikuwa nakuficha, sasa nakwambia, wengi waliosafiri walisafiri hivyo hivyo, wameshikwa mikono. Sikuandika kwa sababu Mama husikiza na hujua ukiruka mstari, na ni nani huandikia mamake kwamba nyumba yake imezungukwa na ugonjwa?

Na kuna lingine. Siwezi kumzika mtoto makaburi ya Lang'ata kama mtu asiye na kwao. Nimeliandika. Akienda, aende akiwa na watu wake.

Treni ya Malaba, ipitayo kwenu, ni kesho na siwezi kungoja kesho. Barua hii nampa mke wa mlinzi wa reli aiweke kwenye treni, nasikia barabara imekuwa mbaya mbele ya Gilgil, na treni huenda ikafika kabla yetu. Ukiipata, njoo stendi.

Magdaline


Bungoma.
15 Desemba 1997

Dada yangu Magdaline,

Barua yako imefika kwa treni. Ninyi hamjafika.

Nimelala stendi tangu nilipoipata. Hakuna basi lolote la Nairobi lililoingia. Wanasema maji yamebeba daraja huko njiani na magari yamepangana pande zote mbili, na hakuna anayejua ni mangapi yamerudi na mangapi yamekwama. Kila lori likiingia nakimbia kuuliza. Dereva mmoja aliniambia aliona basi limekwama na watu wamewasha moto kando ya barabara. Nikamuuliza kama aliona mama mwenye mtoto wa kike wa darasa la kwanza. Akasema, "Ndugu, kina mama ni wengi huko."

Ile barua niliyokuandikia siku mbili kabla ya yako bado iko ndani ya sanduku la kanisa au iko mkononi mwa mtu, sijui. Ndani nilikuwa nimekuambia usimpandishe mtoto basi. Wewe ulikuwa unafunga mfuko na mimi nilikuwa nimeshaandika.

Lusweti amefariki jana. Daktari Kageha nilimweleza yote mbele ya wenzangu. Sikuweza kumtazama usoni. Akatutuma wote wodini tukaulize upya kila mtu: kabla ya basi ulikuwa unalala wapi, na maji ulikuwa unayatoa wapi. Kijijini kwetu sasa ugonjwa umeingia kwelikweli, umeletwa na hao hao waliokuja kuuguzwa. Mama anachemsha maji na ananiuliza kwa nini sili. Nimemwambia ni jino.

Ramani mpya sijaichora. Naogopa kuitazama. Hospitali zote za njiani huleta hesabu zao kwetu, Naivasha, Nakuru, Eldoret, na kila bahasha ikifika naiacha mezani. Waliopona na waliokufa huja kwenye bahasha moja.

Sijui niitume wapi barua hii. Naituma kwa Musyoka kazini kwake Kawangware. Kama hukusafiri, nijibu kwa neno moja tu. Kama ulisafiri, basi naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Ambrose


Nakuru, wodi ya watoto.
21 Desemba 1997

Ambrose,

Joan yuko hai. Nimeliweka mbele ili usisome yaliyobaki ukitetemeka. Amekula uji leo, na amenigombeza kwamba ni mchungu, nikalia mpaka mwenzangu wa kitanda cha pili akaja kunishika.

Sisi si wazima. Nataka uandikiwe hivyo mara moja na mkono wangu mwenyewe. Nimekonda, nimechoka, nasikia mabati yakigonga hata mahali ambapo hakuna mabati, na wewe nimekukasirikia.

Basi lilifika kwenye daraja lililobebwa na maji, likasimama. Asubuhi mvua ilipungua kidogo na abiria wakaanza kunusa. Unajua ninachosema. Sikuwa na nepi wala maji wala mahali pa kumsafishia. Kijana mmoja akaanza kumwambia kondakta, "Huyu mama ateremke na mtoto wake, atatumaliza." Wengine wakaitikia. Sikuwalaumu, mimi pia ningeitikia. Nikashuka na Joan begani, hana uzito, kichwa kinaning'inia, na nilidhani nimebeba maiti. Nilimwita jina lake lote na hakujibu.

Palikuwa na mama muuza chai amejenga kibanda cha nailoni pale, kwa ajili ya magari yaliyokwama. Alimtazama mtoto mara moja akatia sukari na chumvi kwenye maji yake ya moto, akayapooza kwa kumimina kikombe kwa kikombe, akaniambia nimtilie kwa kijiko. Nikasema anatapika. Akasema, "Atapike, wewe tia." Nilitia mpaka mkono ukafa ganzi. Akitapika, natia. Mchana lori la viazi lililokuwa limekwama ng'ambo ya mto likageuza kwenda Nakuru kwa njia ya mashamba, na kulifikia tulivushwa kwa mbao, mtu mbele na mtu nyuma. Hapa walimwekea maji ya mshipa.

Simu za Bungoma haziingii mpaka leo. Juzi nilimpata Musyoka kwa simu kazini kwake, na jana Valentine akaja na barua zako mbili, ile ya sanduku na ile ya kwake. Nilizisoma kwa mpangilio, kwanza ya tarehe tisa. Ambrose, uliniambia nikae. Nilikaa. Niliwaambia na akina mama wa jumuiya wakae. Mmoja wao amezika wawili Lang'ata, Valentine ameniambia. Sijui nitaingia vipi kanisani. Nimetaka kukutukana, kisha nikakumbuka kwamba mimi niliandika sisi ni wazima, na wewe uliyaamini maneno yangu ukashukuru Mungu. Basi sina la kusema, ila bado nina hasira, na utaivumilia mpaka iishe.

Lusweti nimemlilia. Nilimdanganya Mama kwamba ni shamba.

Sasa nisikilize. Usiku ule tulipofika hapa, nesi aliniuliza kwetu ni wapi nikasema Bungoma, kabla sijafikiri, kama ninavyojibu siku zote. Akaandika. Leo asubuhi nilirudi kwake nikamwomba afute. Akaniuliza aandike nini.

"Laini Saba," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Mama, hapo ni mahali pa kupanga nyumba. Nakuuliza kwenu. Hakuna mtu kwao ni Laini Saba."

"Yuko mmoja," nikamwambia. "Kwao Joan ni Laini Saba. Mwandike."

Akaandika. Mama asilisikie hilo, litamuua. Nami nilipolitamka niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye basi, maana mtu huzikwa kwao. Lakini bahasha ya Nakuru ikifika mezani kwako, ifungue, mtoe mtoto wangu kwenye kundi la watu wa Bungoma na umweke pale alipougulia, na uwaonyeshe hao wakubwa wako wasiotaka jina litajwe. Kwa Valentine siwezi kwenda, ana chumba kimoja na mtoto mchanga. Daktari ametupa ruhusa ya kutoka Jumanne. Tunarudi Laini Saba, hatuna nyumba nyingine, na mvua bado inanyesha.

Magdaline